Dubwana Halijengwi Kama Mhusika: Mwongozo Kamili wa Takwimu za Pande Mbili za Meza

Mchawi wangu wa kwanza kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa dadu ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, aliishi zamu moja. Nilikuwa nimemjazia karatasi nzima ya mhusika, sawasawa na ile wanayojaza wachezaji: fani ya uchawi, ngazi ya 5, alama zote sita za uwezo (Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Hekima na Haiba), orodha ya uchawi anaoujua, hata jina la mwalimu wake na sababu ya kugombana naye. Saa mbili za maandalizi. Jioni ile alishinda dadu ya kuanza, akarusha mpira wa moto, dadu nane za pande sita, zikatoa 31. Wachezaji wawili waliokuwa tayari na majeraha wakaanguka chali. Wawili waliobaki wakamfikia, na pointi zake 32 za uhai zikaisha kabla zamu haijamrudia.

"Ndiye huyu tuliyemtafuta wiki tatu?" akauliza mmoja, huku anakusanya dadu zake.

Nikazilaumu dadu. Kumbe shida ilikuwa karatasi. Nilimjenga adui kwa vipimo vya mchezaji, na vipimo hivyo vimetengenezwa kwa kazi nyingine kabisa. Mwongozo huu ni kwa msimamizi yeyote wa mchezo, yule anayeendesha hadithi na maadui, aliyewahi kukwama hapo, na kwa mchezaji anayejiuliza kwa nini ogri, lile jitu la rungu, ana pointi 59 za uhai ilhali shujaa wake ameanza na 12.

Ninatumia toleo la tano la Dungeons & Dragons, kama lilivyotoka 2014. Ndilo nililolichezesha zaidi, na kanuni zake za msingi zinapatikana bure: Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, inayouchapisha mchezo huu, iliiweka hati yake ya kanuni, kurasa mia nne hivi, chini ya leseni ya Creative Commons. Unaipakua kwenye simu bila kulipa hata senti. Marekebisho yaliyoanza 2024 yamegusa kadi nyingi za takwimu za madubwana, ila mantiki nitakayoieleza bado inasimama.

Maneno kwanza, maana Kiswahili cha michezo hii kila meza inajitungia. Mezani kwetu tunasema *pointi za uhai* kwa kiasi cha kipigo mtu anachoweza kubeba. *Kinga* ni namba ambayo shambulio lazima liifikie ndipo limpate. *Nyongeza ya umahiri* ni ile inayopanda kadiri mtu anavyokomaa. *Kizingiti* ni namba unayopaswa kuifikia ili ujinusuru na uchawi, sumu au moto. Mhusika ana *ngazi*. Dubwana lina *kiwango cha ugumu*. *Raundi* ni mzunguko mmoja wa zamu za wote. Dadu tunaziandika kama wachezaji wote wanavyoziandika: 2d6 ni dadu mbili za pande sita.

Kabla ya namba: raundi tatu

Mhusika wa mchezaji anatengenezwa adumu. Kanuni za 2014 zinamtarajia apite mapambano sita mpaka nane ya wastani au magumu katika siku moja ya mchezo, kisha alale, aamke, aendelee hivyo miezi kadhaa. Kila alicho nacho kimegawanywa: uchawi mkubwa mara mbili kwa siku, pumzi ya pili baada ya mapumziko, na kadhalika. Anajibana kama mtu mwenye mshahara wa mwezi.

Dubwana halina kesho. Linatokea, linapigana, na kwa kawaida linakufa. Hata hesabu ya kupima ukali wake inaangalia raundi tatu za kwanza tu. Halina sababu ya kujibana. Ukimpa dubwana mfuko wa mchezaji, atamwaga mshahara wote kwenye raundi ya kwanza, na kwa kuwa uhai wake ni wa mchezaji vilevile, raundi ya pili haioni. Ndivyo alivyofanya mchawi wangu.

Tofauti nyingine zote zinatoka kwenye hiyo moja.

Waundaji wa mchezo wenyewe wamehangaika na jambo hili tangu mwanzo. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa toleo la kwanza, dubwana lilikuwa mstari mmoja: dadu za uhai, kinga, mwendo, hazina. Nguvu au Wepesi wake hakuna aliyeuliza. Toleo la tatu la 2000 likageukia upande wa pili kabisa: kila dubwana likapata alama zote sita, likahesabiwa ujuzi na vipaji kwa kanuni zinazofanana na za wachezaji. Ilipendeza kwa anayependa hesabu, na ilikula Jumapili nzima ya msimamizi. Toleo la nne la 2008 likakata kamba: dubwana lina ngazi na kazi yake vitani, namba zinatoka kwenye jedwali, na lile la kujaza uwanja lina pointi 1 tu ya uhai. Toleo la tano likakaa katikati. Kadi inaonekana kama ya mhusika, ina Nguvu na Haiba na vyote, lakini ukikwaruza rangi unakuta jedwali chini yake. Sura hiyo ndiyo inayotudanganya.

Hatua ya kwanza: soma kadi ya goblini kwa kidole

Fungua hati ya kanuni, mtafute goblini, dubwana dogo la kuvizia. Kinga 15, uhai 7 (2d6), Nguvu 8, Wepesi 14, Ustahimilivu 10. Upanga mfupi uliopinda: +4 kupiga, madhara 5 (1d6+2). Kiwango cha ugumu 1/4, pointi 50 za uzoefu (tuzo ya wanaomshinda). Sasa fuatilia kila namba ilikotoka.

Kinga haina ujanja: vazi la ngozi ni 11, Wepesi wa 14 unaongeza 2, ngao inaongeza 2. Jumla 15. Mchezaji angepata ileile. Kupiga pia: Wepesi +2, umahiri +2, jumla +4. Mpaka hapa pande mbili ni ndugu.

Uhai ndipo njia zinapoachana. Dadu ya uhai ya mchezaji inatokana na fani: mpiganaji d10, mchawi d6. Ya dubwana inatokana na ukubwa wa mwili: vidogo kabisa d4, vidogo d6, vya kimo cha mtu d8, vikubwa d10, vikubwa sana d12, majitu ya kupita kiasi d20. Na idadi ya dadu hizo haina uhusiano wowote na ngazi. Goblini ana dadu mbili. Hiyo haimfanyi kuwa "ngazi ya 2". Mwandishi alitaka uhai wa 7, akaweka dadu zinazofika hapo. Ogri ana 7d10+21, wastani 59, na hiyo 21 ni Ustahimilivu wake wa +3 mara dadu saba. Kwa dubwana, namba ya mwisho ndiyo inayoanza, dadu zinafuata nyuma kuihalalisha.

Angalia pia uwezo wa goblini kujificha: +6. Wepesi +2 na umahiri +2 vingetoa +4. Amepewa umahiri maradufu bila kuwa na fani ya wizi wala kipaji chochote, kwa sababu tu goblini wanapaswa kuwa hodari wa kujificha. Mchezaji angelazimika kuulipia ujuzi huo. Dubwana halidaiwi.

Madhara yana mtego wake. Rungu kubwa mkononi mwa mchezaji ni 1d8. Ogri analipiga kwa 2d8+4, wastani 13. Kanuni iko wazi kwa wanaojenga: silaha ya dubwana kubwa huongezewa dadu, maradufu kwa kubwa, mara tatu kwa kubwa sana. Na ile 13 iliyochapwa kadini ipo ili usirushe dadu kabisa ukitaka. Mimi nikiwa na goblini kumi mezani situmii dadu za madhara hata kidogo.

Halafu sifuri. Dubwana likifika sifuri limekufa. Mhusika akifika sifuri anaanza kurusha d20 kila zamu yake: 10 au zaidi ni heri, chini yake ni shari, heri tatu anatulia, shari tatu anazikwa. Kwenye karatasi hii haionekani kama takwimu, lakini ni uhai wa ziada mkubwa kuliko wote. Mganga mmoja mwenye neno la uponyaji anamwinua mwenzake kila raundi, na dubwana halina mganga.

Hatua ya pili: weka askari wawili bega kwa bega

Hapa ndipo wengi hufumbuka macho, kwa hiyo chukua kalamu. Mpiganaji wa ngazi ya 5, Nguvu 18, Ustahimilivu 14, deraya ya minyororo na ngao, mtindo wa kupigana kwa silaha moja. Uhai: 12 ngazi ya kwanza, kisha 8 mara nne, jumla 44. Kinga 18. Kupiga +7, mara mbili kwa zamu, kila pigo 1d8+6. Wastani wa mapigo yote mawili yakiingia ni 21.

Upande wa pili, askari mkongwe wa kadini, kiwango cha ugumu 3. Uhai 58, kinga 17. Kupiga +5, mapigo mawili ya upanga mrefu na moja la upanga mfupi: 7, 7, 6. Jumla 20.

Ukiziangalia haraka utasema hawa ni sawa, na utashangaa kwa nini mmoja ameandikwa 5 na mwingine 3. Tazama tena. Mkongwe ana uhai zaidi kwa 14 lakini anapiga kwa unyonge: +5 dhidi ya kinga ya 18 anahitaji 13 kwenye dadu, mwenzake kwa +7 dhidi ya 17 anahitaji 10. Kisha kuna yasiyoandikwa kwenye namba za zamu ya kawaida. Mpiganaji mara moja kabla ya kupumzika anaweza kuongeza tendo zima, yaani mapigo manne na wastani wa 42 katika raundi moja. Anaweza kujirudishia 1d10+5 ya uhai. Mkongwe hana siri. Alivyo raundi ya kwanza ndivyo alivyo ya tatu.

Huo ndio umbo la dubwana zuri: mwili mnene, mkono wa kutabirika, kadi fupi. Mhusika ni kinyume chake, mwili mwembamba na mifuko mingi.

Na neno moja juu ya kiwango cha ugumu, maana linachanganya watu mpaka leo. Ugumu wa 3 maana yake ni kwamba kundi la wachezaji *wanne* wa ngazi ya 3, wamepumzika, watapambana nalo ipasavyo bila kufiwa. Si kwamba lina nguvu za mtu mmoja wa ngazi ya 3. Aliyeelewa hivyo huishia kuwapeleka wachezaji wanne wa ngazi ya 3 mbele ya madubwana manne ya ugumu wa 3, halafu anatafuta wahusika wapya wiki inayofuata.

Hatua ya tatu: jua umahiri unafuata nini

Kwa mchezaji, nyongeza ya umahiri inafuata ngazi: +2 mpaka ngazi ya 4, +3 mpaka ya 8, inaishia +6 kwenye 17 hadi 20. Kwa dubwana inafuata kiwango cha ugumu kwa mpangilio uleule, ila haiishii hapo. Inaendelea mpaka +9 kwenye ugumu wa 29 na 30.

Mfano ninaoupenda ni mchawi mkuu wa kwenye hati. Anatumia uchawi kama mtu wa ngazi ya 18, ana Akili 20, lakini ugumu wake ni 12, hivyo umahiri wake ni +4. Kizingiti cha uchawi wake ni 8+4+5, yaani 17. Mchezaji wa ngazi ya 18 mwenye Akili ileile angekuwa na 19. Ngazi ya uchawi kwenye kadi ya dubwana ni lebo ya kuhesabia uchawi wenyewe, kama nafasi zake; haiupandishi umahiri. Ukimnakili adui kutoka kitabu cha wachezaji bila kulijua hili, utampa kizingiti cha juu kuliko anachostahili, na wachezaji watahisi wanapigwa na ukuta.

Alama zenyewe pia: mchezaji anafungiwa kwenye 20, dubwana linafika 30. Joka jekundu lililokomaa lina Nguvu 27 na Ustahimilivu 25, na hakuna aliyerusha dadu kuzipata.

Joka hilohilo linafundisha jambo la mwisho kuhusu wingi. Ni moja dhidi ya wanne. Hata likiwa na uhai wa 256, mtu mmoja mwenye uchawi wa kugandisha angelimaliza kwa bahati moja mbaya ya dadu. Ndiyo maana limepewa haki ya kugeuza kushindwa kujinusuru kuwa kushinda, mara tatu kwa siku, na matendo matatu ya ziada baada ya zamu za wengine. Hakuna mchezaji mwenye kitu kama hicho na hatakiwi kuwa nacho. Ni dawa ya upweke.

Hatua ya nne: jenga lako. Tunaanza na zimwi

Waundaji wa mchezo walijaza vitabu kwa madubwana ya Ulaya na kwingineko. Sisi tunalo la kwetu, lile la hadithini linalomtia mtoto ndani ya ngoma na kumtembeza mji hadi mji, ngoma ikipigwa inaimba yenyewe na watu wanashangilia. Tulijenge kwa wachezaji wanne wa ngazi ya 3, tukilenga ugumu wa 3.

Anza na mambo mawili tu: litafanya nini ambacho wachezaji watakisimulia kesho, na lidumu raundi ngapi. Langu litamtia mtu ngomani, na nataka raundi nne.

Kisha namba. Mwili mkubwa, kwa hiyo dadu za d10. Nguvu 18, Ustahimilivu 16. Jaribio la kwanza nililoandika: uhai 68 (8d10+24), kinga 13, makucha mawili kwa +6, kila moja 2d6+4, wastani 11. Madhara ya raundi ni 22.

Sasa pima kwa jedwali la kitabu cha msimamizi cha 2014. Upande wa kushambulia: madhara ya 21 hadi 26 ni ugumu wa 3. Jedwali linatarajia dubwana la hapo lipige kwa +4. Langu lina +6. Kila tofauti ya 2 inasogeza ugumu hatua moja, hivyo napanda mpaka 4. Upande wa kujilinda: uhai wa 50 hadi 70 ni ugumu wa 1/2, na kinga iliyotarajiwa ni 13, ndiyo niliyonayo. Unabaki 1/2. Wastani wa 4 na nusu ni 2.25. Zimwi langu ni la ugumu wa 2, tena lenye kucha kali na ngozi laini. Lingekuwa mchawi wangu wa mwanzo tena, kwa sura nyingine.

Dawa ni kuongeza mwili, siyo makucha. Dadu kumi: 10d10+30, uhai 85, ugumu wa 1 kwenye jedwali. Ngozi ngumu, kinga 15, juu ya ile 13 kwa 2, napanda mpaka ugumu wa 2. Wastani wa 2 na 4 ni 3. Tumefika. Kadi inakuwa hivi:

*Zimwi la Ngoma*
Kiumbe kikubwa. Ugumu 3, pointi 700 za uzoefu
Kinga 15. Uhai 85 (10d10+30). Mwendo futi 40
Nguvu 18 (+4), Wepesi 10 (+0), Ustahimilivu 16 (+3), Akili 8 (−1), Hekima 12 (+1), Haiba 14 (+2)
*Kujigeuza.* Kwa tendo moja huchukua sura ya mtu mzima mwenye ngoma mgongoni, au kurudi lilivyo.
*Makucha.* Hupiga mara mbili kwa zamu, +6, madhara 11 (2d6+4) kila moja.
*Kutia ngomani (hurudi kwa 5 au 6).* Badala ya makucha: kiumbe mmoja aliye futi 5, wa kimo cha mtu au mdogo zaidi, ajinusuru kwa Nguvu, kizingiti 14. Akishindwa yumo ngomani, haoni nje, hashambuliwi. Hujaribu tena kila mwisho wa zamu yake. Ngoma ina kinga 12 na uhai 15; ikipasuka, anatoka.

Kizingiti cha 14 ni 8 na Nguvu +4 na umahiri +2. "Hurudi kwa 5 au 6" maana yake mwanzo wa kila zamu ya zimwi unarusha d6. Ikitua 5 au 6, uwezo umerudi. Ni chombo cha madubwana pekee, na uone kinavyofanya kazi ya nafasi za uchawi za mchezaji bila wewe kuhesabu chochote. Wachezaji wanahesabu akiba yao kwa sababu kuitunza ni sehemu ya raha yao. Wewe una madubwana matano ya kuangalia na chai inapoa.

Usisahau kupima dhidi ya mhusika dhaifu kuliko wote mezani. Mchawi wa ngazi ya 3 mwenye Ustahimilivu 14 ana uhai wa 20. Makucha mawili ni 22. Zimwi likimfikia raundi ya kwanza na mapigo yote mawili yakaingia kwa wastani, ameanguka. Mimi naliacha hivyo, kwa sababu yupo mpiganaji wa kusimama mbele na kwa sababu zimwi hilo lina tamaa ya kutia watu ngomani kuliko kuwararua. Meza yenye wachezaji wageni, ningeshusha hadi 2d4+4.

Upande wa pili: wanne wenye +5 dhidi ya kinga 15 wanapata zaidi kidogo ya nusu ya mapigo. Kila pigo likiwa na madhara 9 hivi, wanatoa 20 kwa raundi. 85 gawanya kwa 20, raundi nne na ushee.

Mwisho pima pambano zima. Kwa wanne wa ngazi ya 3, pambano la wastani linaanzia pointi 600 za uzoefu, gumu 900, la mauti 1,600. Zimwi peke yake ni 700, wastani. Ukiongeza goblini wawili wa pointi 50, jumla ni 800, lakini maadui watatu huzidishwa mara mbili: 1,600. Goblini wawili wenye uhai wa 7 wamelisukuma pambano mpaka mlango wa mauti. Kitabu chenyewe kinakuruhusu usiwahesabu wadhaifu mno, na kwa goblini waliosimama pembeni wakipiga kelele ni sawa. Kwa goblini wenye pinde juu ya mwembe, wahesabu.

Mchezaji akitaka kuwa dubwana

Atakuja tu. "Kaka, mimi nataka kucheza ogri." Usimpe kadi. Ogri wa kadini ana uhai wa 59 na pigo la 13. Mwenzake mpiganaji wa ngazi ya 1 ana 12 na pigo la 8 hivi. Wengine watatu watakuwa watazamaji.

Toleo la tatu lilijaribu kulitatua kwa hesabu. Kwenye marekebisho ya 2003 ogri alikuwa na dadu nne za uhai na adhabu ya ngazi mbili juu yake, kwa hiyo alikaa mezani kama mtu wa ngazi ya 6, akiwa na wastani wa uhai 29. Mpiganaji wa kweli wa ngazi ya 6 alikuwa akimpita kwa mbali. Yaani kwa kumtoza sana, walimvunja.

Njia iliyofaa ni ile waliyoichukua kwa goblini mwaka 2016: walitupa kadi, wakachukua kile kinachomfanya goblini awe goblini, ule wepesi wa kuponyoka na kujificha kwa tendo dogo, wakampa nyongeza ya +2 ya Wepesi na +1 ya Ustahimilivu kama jamii nyingine yoyote, uhai ukatoka kwenye fani. Fanya hivyohivyo kwa ogri: mwili wa kubeba mizigo ya mtu mkubwa zaidi, labda nyongeza ya Nguvu, na mlango wa duka usiomtosha. Vingine avichume ngazi kwa ngazi.

Kumfufua mchawi

Nilimrudisha baada ya mwezi, nikidai alikuwa na pacha. Wachezaji walicheka na wakakubali, hiyo ndiyo raha ya michezo hii.

Safari hii nilianza na kadi tupu. Umbo la mtu, d8, Ustahimilivu 14: uhai 104 (16d8+32). Mmoja alinikodolea macho baadaye, msomi mwenye pointi 104? Lakini pointi za uhai hazijawahi kuwa nyama. Ni kinga za kichawi, bahati, kuruka pembeni kwa wakati. Kinga 15. Akili 18, umahiri +3, hivyo +7 kupiga na kizingiti 15. Orodha ya uchawi kumi na nne niliikata ikabaki minne: mpira wa moto mara moja tu kwa pambano, mishale miwili ya moto ya 2d10 kila zamu, kuhama futi 30 kwa kufumba na kufumbua, na ngao ya upepo ya kuzuia pigo moja.

Hesabu ilikwenda hivi. Raundi ya kwanza mpira wa moto, wastani 28, tuchukulie unawapata wawili, 56. Raundi mbili zinazofuata 22 na 22. Jumla 100, gawanya kwa tatu, 33: ugumu wa 5. Uhai wa 104 ni ugumu wa 3, kinga imezidi kwa 2, unakuwa 4. Wastani 4.5, nikauandika 5, na umahiri wa +3 ukakaa mahali pake bila kulazimishwa.

Kadi yote iliingia nyuma ya bahasha. Nilitumia dakika ishirini, na kumi kati ya hizo nilikuwa nikitafuta jina la pacha. Alianguka raundi ya nne, akiwa amewachoma wawili na kumfanya wa tatu kutumia uponyaji wake wa mwisho, na yule aliyeniuliza swali lile mara ya kwanza safari hii alikuwa amesimama, kiti kimesukumwa nyuma, anairushia dadu matusi.